Ala za Muziki na Ushuhuda Wake: Namna Historia Inavyotafutwa na Kutunzwa

(Mhadhara uliotolewa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi katika juma la maadhimisho ya miaka mia moja)



Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka mia moja, jambo la kwanza linalofanyika ni kukusanya majina: wainjilisti wa kwanza, wachungaji waliofuatana, wale waliobatizwa mwanzoni, na wale waliobeba mawe kichwani ili ukuta wa kanisa usimame. Kazi hiyo ni njema na ya lazima. Lakini viko vitu vingine vilivyomtumikia Mungu miaka hiyo yote, ambavyo kwa kawaida havipewi hata ukurasa mmoja. Ni ngoma iliyowaita watu ibadani kabla kengele haijanunuliwa. Ni kinanda cha kukanyaga kilichofundishia nyimbo za kitabu. Ni matarumbeta yaliyowasindikiza wafu makaburini na maharusi majumbani.

Leo, katika stoo za sharika nyingi kongwe, vitu hivyo vimelala chini ya viti vilivyovunjika. Kinanda kimeingiwa na mchwa. Tarumbeta lililobonyea linamsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu, naye hulipima kwa kilo. Akiulizwa mtu ni nani aliyelileta, ni nani aliyelipiga, na kwa nini wazee walilithamini, jibu huwa moja: aliyezijua habari zake amekwisha kutangulia mbele ya haki.

Mhadhara huu unahusu watu waliozitafuta habari za ala za muziki, wakaziandika na kuzitunza. Hoja yake ni moja. Ala haitunzwi kwa kufungiwa kabatini tu. Hutunzwa inapoandikiwa habari zake: aliyeitengeneza, vipimo vyake, aliyeipiga na jinsi ilivyolia. Mti huoza na shaba huyeyuka, lakini habari iliyoandikwa vema yaweza kukiinua tena kilichoanguka.

1. Majina yaliyobaki bila sauti

Biblia imejaa ala. Katika Mwanzo, sura ya 4, Yubali anatajwa kuwa baba wa wapigaji. Zaburi ya 150 inazihesabu ala moja baada ya nyingine, na Danieli, sura ya 3, inazitaja zile zilizopigwa mbele ya sanamu ya Nebukadreza. Hata hivyo, wataalamu wa Biblia wamebishana kwa karne nyingi kuhusu umbo na sauti ya baadhi ya ala hizo. Katika orodha ya Danieli liko neno moja lenye asili ya Kiyunani ambalo wengine hulifasiri kuwa zumari yenye mfuko, wengine ngoma, na wengine husema kwamba si jina la ala bali ni mlio wa ala nyingi kwa pamoja. Jina limehifadhiwa kwa uaminifu mkubwa, lakini kitu chenyewe kimepotea, kwa sababu waandishi wa zamani hawakuona haja ya kueleza jambo ambalo kila mtu wa siku zao alilijua.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walitumia majina ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anayajua, kama vile zeze, filimbi na matari. Walifanya vema, maana msomaji hana budi kusikia kitu masikioni mwake anaposoma. Lakini zeze la Mgogo silo alilolipiga Daudi. Hapo ndipo linapoonekana somo la kwanza la utafiti wa ala: kile ambacho leo kinajulikana na wote ndicho kinachopotea upesi, kwa kuwa hakuna anayejisumbua kukiandika.

2. Mwana wa mchungaji aliyepima ala kwa rula

Mtu aliyelitambua jambo hilo mapema alitoka katika Kanisa la Kilutheri. Naye ni Michael Praetorius, mwana wa mchungaji, aliyezaliwa Creuzburg katika nchi ya Thuringia yapata mwaka 1571. Alikuwa mpigaji wa ogani na kiongozi wa muziki katika jumba la mtawala wa Wolfenbüttel, na alitunga muziki mwingi sana juu ya nyimbo za Kanisa. Mnamo mwaka 1619 alichapisha kitabu cha pili cha kazi yake kubwa iitwayo Syntagma Musicum. Kitabu hicho chote kinahusu ala za muziki. Mwaka uliofuata, yaani 1620, aliongeza picha 42 zilizochongwa kwenye mbao na kupigwa chapa.

Jambo la pekee katika picha hizo ni kwamba Praetorius hakuchora ala kama pambo. Aliweka kipimo cha futi ya nchi yake ili msomaji aweze kujua urefu wa kila ala. Aliandika kiwango cha sauti za juu na za chini ambazo kila ala inaweza kuzitoa. Alizieleza ogani za miji mbalimbali, akataja safu za filimbi zilizomo katika kila moja. Wala hakuishia kwenye ala za wakubwa. Aliingiza ala za watu wa mashambani, na katika picha zake zimo pia ala za mataifa ya mbali, ingawa kwa habari za mataifa hayo alitegemea wasafiri na hakuyajua vema.

Praetorius alifariki Wolfenbüttel tarehe 15 Februari 1621, akazikwa katika kanisa kuu la mji huo, chini ya ogani. Vita vya Miaka Thelathini vilikuwa vimeanza tangu mwaka 1618. Kabla havijakwisha mwaka 1648, makanisa mengi ya Ujerumani yalikuwa yameporwa na kwaya zake zimetawanyika. Ala nyingi alizozieleza hazikuonekana tena. Kitabu chake kilibaki.

Miaka mia tatu ikapita. Mwaka 1921, mwalimu wa historia ya muziki wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Willibald Gurlitt, pamoja na mtengenezaji wa ogani Oscar Walcker, walikifungua kitabu hicho wakajenga ogani kwa kufuata orodha ya filimbi iliyoachwa na Praetorius. Wasikilizaji walisikia sauti nyepesi na safi, iliyo mbali na mngurumo wa ogani kubwa za karne ya 19. Tukio hilo liliwafanya watu wengi wa Kanisa wazitazame upya ogani za kale zilizosalia vijijini, ambazo hapo awali zilidharauliwa na kubomolewa.

Ogani hiyo ya Freiburg nayo haikudumu. Iliteketea kwa mabomu mwezi Novemba 1944. Lakini kufikia mwaka 1955 nyingine ilikuwa imesimama mahali pake, kwa kufuata kitabu kilekile. Kwa hiyo kalamu ya mtu mmoja imeijenga ogani mara mbili baada ya kifo chake.

3. Moto wa Leipzig

Mji wa Leipzig unajulikana sana katika historia ya Kanisa la Kilutheri nchini Tanzania, maana ni kutoka huko Misioni ya Leipzig ilipowatuma wamisionari wake Kilimanjaro mwaka 1893. Katika mji huohuo ipo Makumbusho ya Ala za Muziki ya Chuo Kikuu. Ala zake nyingi zilikusanywa kwanza na mfanyabiashara Wilhelm Heyer wa Köln. Mwaka 1926 zilinunuliwa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Leipzig, na sehemu ya fedha, marki 200,000, ilitolewa na mchapishaji wa vitabu vya muziki, Henri Hinrichsen. Mhisani huyo alikuwa Myahudi. Aliuawa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1942, na mwezi Desemba 1943 moto wa mabomu uliiteketeza sehemu kubwa ya makumbusho aliyoyasaidia.

Ala nyingi za thamani ziliungua, pamoja na maktaba na nyaraka. Hata hivyo, msomi Georg Kinsky, aliyekuwa mtunzaji wa ala hizo zilipokuwa bado Köln, alikuwa amechapisha orodha zake kwa maelezo na picha katika miaka ya 1910 na 1912. Kwa hiyo, ijapokuwa baadhi ya vinanda vimekuwa majivu, bado inajulikana vilikuwaje na viliandikwa nini. Makumbusho ambayo vitu vyake havijaorodheshwa yakiungua, hata hasara yenyewe haiwezi kuhesabiwa.

Miongoni mwa ala zilizookoka Leipzig imo piano iliyotengenezwa mwaka 1726 na Bartolomeo Cristofori wa Italia, yule aliyeibuni piano. Ulimwenguni kote zimesalia piano zake tatu tu: hiyo ya Leipzig, moja ya mwaka 1722 iliyoko Roma, na moja ya mwaka 1720 iliyoko New York. Ile ya New York ndiyo kongwe kuliko zote, lakini mafundi wa baadaye waliibadilisha sana, na mnamo mwaka 1938 ubao wake wa kukuzia sauti uliondolewa ukawekwa mpya. Waliofanya hivyo walikuwa na nia njema. Walitaka ilie tena. Lakini ubao wa kale ukiisha kutoka, ushahidi wa mkono wa Cristofori umetoka nao. Hivyo moto si adui pekee wa ala ya kale. Tengenezo lililofanywa kwa haraka, bila kuandikwa, laweza kuipoteza historia ala ingali imesimama mbele ya macho ya watu.

4. Kutoka Berlin hadi Kampala

Baada ya kukusanya, mtafiti hana budi kupanga. Mwaka 1914, wataalamu wawili wa Berlin, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walichapisha mpango wa kuzigawa ala zote za ulimwengu, ambao hadi leo hutumika katika makumbusho mengi. Hawakuuliza ala imetoka taifa gani wala kama watu wake wanaitwa wastaarabu au la. Waliuliza swali moja tu: kitu gani hutikisika hata sauti ikatoka? Kwa jibu la swali hilo walipata makundi manne. Kundi la kwanza ni la ala zinazolia kwa mwili wake wenyewe, kama kayamba, njuga na marimba. La pili ni la ala za ngozi, kama ngoma na matari. La tatu ni la ala za nyuzi, na la nne ni la ala za upepo.

Matokeo ya mpango huo yanastahili kutafakariwa. Kengele ya kanisa iliyotoka Ulaya na marimba ya vidole ya Wagogo vimo katika kundi moja. Zeze na fidla ni ndugu, na piano ni jamaa yao, kama ilivyo nanga ya Wahaya. Siwa ya pwani, tarumbeta na ogani vyote huishi kwa upepo. Katika nyakati ambazo wamisionari mahali pengi walikataza ngoma isiingie ibadani kwa kuiona kuwa ya kipagani, na kinanda kikakaribishwa kana kwamba kimezaliwa kanisani, mpango huu ulizipa ala zote heshima sawa mbele ya mwenye kuzichunguza.

Utawala wa Hitler ulipoingia mwaka 1933, wote wawili walifukuzwa kazi kwa sababu ya ukoo wao wa Kiyahudi. Hornbostel alifariki Cambridge mwaka 1935. Sachs alikwenda Paris, kisha New York, ambako mwaka 1940 alichapisha historia yake maarufu ya ala za muziki. Kijana mmoja aliyesoma kwao, Klaus Wachsmann, naye alilazimika kuihama Ujerumani. Alifika Uganda mwaka 1937, akafanya kazi katika elimu ya misioni za Kiprotestanti, na tangu mwaka 1948 hadi 1957 alikuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda mjini Kampala.

Wachsmann alizunguka nchi akinasa sauti za wapigaji, na mwaka 1953 yalichapishwa maelezo yake marefu juu ya ala za Uganda, katika kitabu alichokitoa pamoja na Margaret Trowell. Tena hakuridhika kuona ala zimekaa kimya nyuma ya kioo. Katika makumbusho yake walikuwamo wapigaji walioajiriwa kuzipiga mbele ya wageni. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa jumba la Kabaka wa Buganda, ambaye aliwafundisha wengi, wenyeji na wageni.

Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika baadaye. Mwezi Mei 1966 majeshi ya serikali yalilishambulia jumba la Kabaka huko Mengo. Ala za kifalme ziliharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Miongoni mwa muziki ulionyamaza ulikuwa ule wa entenga, ngoma 15 ambazo 12 kati yake zimetengenezwa kwa ngazi ya sauti, hata ziweze kuimba wimbo. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba entenga imekufa. Lakini sauti zilizonaswa kabla ya shambulio zilikuwapo, na katika miaka ya 2010 mzee mmoja aliyesalia kati ya wapigaji wa zamani aliwafundisha vijana, na ngoma hizo zikalia tena. Nakala za sauti alizozinasa Wachsmann, ambazo asili yake imetunzwa London, zimerudishwa pia katika Chuo Kikuu cha Makerere.

Freiburg ilikuwa na kitabu bila mtu aliye hai. Buganda ilikuwa na sauti zilizonaswa na mzee mmoja. Kama mzee huyo angalifariki kabla vijana hawajamfuata, kazi ingalikuwa ngumu mno. Wala si Buganda tu yenye urithi wa namna hiyo. Mwaka 1906 msomi Karl Weule wa Leipzig alisafiri kusini mwa nchi iliyo Tanzania ya leo akiwa na mashine ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta. Anayetaka kuusikia uimbaji wa mababu wa kusini kama ulivyokuwa wakati huo hana budi kuutafuta Ujerumani.

5. Kazi iliyo mlangoni pa Usharika

Yaliyosemwa yaweza kuonekana kuwa ni mambo ya wasomi wenye fedha. Sivyo. Praetorius alianza na rula na kalamu. Usharika wowote unaweza kufanya hivyo, nayo kazi yenyewe ina hatua chache.

Kwanza, kila ala iliyomo kanisani, stoo au katika nyumba za wazee iandikwe katika daftari moja na kupewa namba. Iandikwe jina lake kama linavyotamkwa na wenyeji, vipimo vyake, na mti, ngozi au madini yaliyotumika. Matarumbeta mengi yana jina la mtengenezaji na mji wake lililochorwa kwenye mdomo mpana. Maneno hayo yanakiliwe herufi kwa herufi, kwa kuwa kwa hayo mtafiti anaweza kukadiria umri wa ala. Yeye atakayefuata njia ya shaba hiyo huenda akafika hadi Bethel nchini Ujerumani, alikofanya kazi mchungaji Johannes Kuhlo (1856–1941), aliyevieneza sana vikundi vya matarumbeta katika makanisa ya Kilutheri ya nchi hiyo. Misioni ya Bethel ndiyo iliyofanya kazi Usambara na Bukoba.

Pili, wazee waulizwe mapema, na maneno yao yanaswe. Waulizwe ala ililetwa na nani, ilipigwa siku gani, nani alikatazwa kuigusa, na iliachwa kwa nini. Yasiachwe hata mambo yenye uchungu, kama ngoma iliyochomwa au mpigaji aliyetengwa na ushirika. Historia ya Kanisa inayoficha majeraha yake haiwezi kufundisha uponyaji.

Tatu, ala inayoweza kulia ilizwe na kunaswa sauti yake, angalau mara moja, na mtu aliyeizoea.

Nne, itunzwe kwa kiasi. Iinuliwe kutoka sakafuni, iwe mbali na jua, unyevu na mchwa. Shaba isisuguliwe kila mara kwa dawa ya kung'arisha, maana kila usugulio huondoa shaba kidogo na kulifuta jina la mtengenezaji. Ngoma isibadilishwe ngozi, wala kinanda kisibadilishwe viungo, kabla ya kupigwa picha na kuandikwa kilichoondolewa. Na kilichoondolewa kisitupwe.

Tano, daftari lisikae mahali pamoja. Nakala moja iwe ofisi ya Usharika na nyingine ipelekwe Dayosisini. Moto wa Leipzig unatosha kuwa mwalimu katika jambo hilo.

Hitimisho

Waumini wa kwanza wa Usharika huu hawakuacha mali nyingi. Waliacha imani, nao waliiimba. Watoto wanaobatizwa katika mwaka huu wa maadhimisho watakuwa ndio wazee wa mwisho wa karne inayoanza. Wakati huo watasoma majina ya wachungaji na tarehe za majengo, nao watamshukuru Mungu. Lakini watauliza pia: waliimba na nini? Ngoma yao ilikuwaje? Nani alilipiga tarumbeta alfajiri ya Pasaka?

Majibu ya maswali hayo yamekaa leo katika viti vya mbele vya kanisa hili, katika vifua vya akina baba na akina mama waliokwisha kuchoka kwa umri. Daftari linunuliwe juma hili. Namba ya kwanza iwe ya ile ala iliyo kongwe kuliko zote, na mzee anayezijua habari zake aketishwe kando yake, aulizwe, asikilizwe, na maneno yake yaandikwe yote.

Mungu aubariki Usharika.